Simulesheni ya strima hewani: dalili, vyanzo na marekebisho

Uga wa umeme ukizidi takriban kilovolti 30 kwa sentimita, hewa ya kawaida husalimu amri. Elektroni moja hugonga molekuli na kung'oa nyingine, mbili zinakuwa nne, na kundi hilo likifikia elektroni kama milioni 100 (ndicho kigezo cha Raether na Meek) chaji yake yenyewe huanza kupindisha uga uliolizaa. Hapo strima imezaliwa: uzi wa plazima (gesi iliyogawanyika kuwa elektroni na ioni) wenye uga wa kV/cm 100 hadi 200 kwenye ncha, uga mdogo ndani ya shina, na kasi ya kati ya 10⁵ na 10⁷ m/s. Cheche na radi huanzia hapa.

Kwenye kompyuta, karibu kila jambo la maana hutokea kwenye tabaka la chaji pale nchani, lenye unene usiozidi wa unywele, na kwenye elektroni chache zilizotangulia mbele ya tabaka hilo. Wanafunzi wengi hutafuta kosa kwenye shina kwa sababu ndilo linaloonekana vizuri kwenye picha. Shina ni matokeo tu. Ukitaka kujua kilichoharibika, angalia ncha, na hasa kilicho mbele ya ncha.

Mwongozo huu ni wa anayeendesha modeli ya giligili. Katika modeli hiyo elektroni huchukuliwa kama msongamano unaosukumwa na uga, unaotawanyika, unaoongezeka kwa uionishaji (molekuli kung'olewa elektroni) na kupungua kwa kunaswa na oksijeni, huku uga ukipatikana kwa kutatua mlinganyo wa Poisson, unaotoa uga kutokana na chaji, kila hatua. Anayetumia modeli ya chembe, inayofuata elektroni kama chembe badala ya msongamano, atakuta sehemu kubwa inamfaa pia.

Kipimo cha kufanya kabla ya kugusa kitu

Punguza upana wa seli (vijisanduku vya gridi ambamo hesabu hufanyika) kwa nusu, uendeshe tena. Kisha rudisha seli zilivyokuwa na upunguze hatua ya muda kwa nusu. Usibadilishe vyote viwili kwa pamoja, utakosa kujua ni kipi kilichosema. Dalili ikihama au ikibadilika, tatizo ni la hesabu: gridi, muda au kitatuzi. Isipohama, tatizo liko kwenye fizikia uliyoandika au data uliyoingiza, na hakuna gridi ya kukuokoa. Kazi hii inachosha, na ndiyo maana watu huiruka, kisha huhangaika na vigezo ambavyo havikuwa na kosa lolote. Kama modeli yako ni nzito, fupisha pengo kati ya elektrodi hadi sentimita 1 na utumie ulinganifu wa mhimili, yaani strima ichukuliwe kuwa sawa pande zote kuzunguka mstari mmoja. Kompyuta mpakato ya kawaida itatosha.

Hakuna strima inayoanza

Anza na uga. Kwenye pengo lenye uga sawa wa 15 kV/cm, ambao ni nusu ya ule wa kuvunja hewa, hakuna kitakachotokea bila mbegu (kijiwingu cha elektroni au ioni cha kuanzishia) au elektrodi yenye ncha. Sasa tazama mbegu yenyewe. Ukiweka mpira wa plazima usio na chaji, yaani elektroni na ioni kwa idadi sawa, kiasi cha juu unachoweza kupata kwenye kichwa cha mpira ni mara 3 ya uga wa nje, tena baada ya mpira kupitisha umeme vya kutosha. Kwa 5 kV/cm unapata 15. Bado haitoshi. Refusha mbegu iwe kama kijiti, au weka ioni chanya pekee ili mbegu iwe na chaji yake.

Mbegu ikiwa sawa, kagua vipimo. Majedwali yatokayo BOLSIG+, programu inayokokotoa tabia za elektroni kwenye gesi, hutoa thamani zilizokwishazidishwa au kugawanywa kwa msongamano wa gesi, N. Mobiliti ya elektroni (kasi yake ikigawanywa kwa uga) hewani kwa bar 1 ni karibu 0.04 m²/(V·s), ukikuta 10²⁴ kwenye programu yako, umesahau kugawanya kwa N. Uga nao huandikwa kwa townsend, na 1 Td ni 10⁻²¹ V·m². Kwa bar 1 na kelvini 300, N ni 2.41×10²⁵ m⁻³, kwa hiyo 100 Td ni kama 2.4 MV/m. Anayetumia N ya nyuzi 0 za selsiasi, 2.69×10²⁵, amepotoka kwa asilimia 11 au zaidi, na kwa kuwa uionishaji hupanda haraka mno kulingana na uga, asilimia 11 inaweza kuwa tofauti kati ya strima na kimya.

Inalipuka kwenye hatua za mwanzo kabisa

Chora uga ndani ya mbegu kwa nanosekunde ya kwanza. Plazima ya kweli hujikinga: uga ndani yake hushuka. Ukiona unapanda, alama ya chaji kwenye Poisson imegeuzwa, au elektroni zako zinakwenda upande wa uga badala ya kinyume chake. Hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Alama zikiwa sahihi, tazama mwisho wa jedwali. Jedwali linaloishia 1000 Td linafika takriban 24 MV/m tu. Mwanzoni mwa simulesheni, au strima inapokaribia elektrodi, uga unaweza kuvuka hapo kwa muda. Programu nyingine hushikilia thamani ya mwisho, nyingine huendeleza mstari kiholela, na hii ya pili inaweza kukupa uionishaji usio na maana. Panua jedwali.

Inakwenda vizuri hata pale isipopaswa kwenda

Hii naiogopa kuliko zote, kwa sababu haionekani kama kosa. Picha ni safi, strima inateleza, grafu zinapendeza.

Strima chanya, yaani yenye chaji chanya nchani, husonga kinyume na mwendo wa elektroni. Haiwezi kwenda popote kama mbele yake hakuna elektroni za kuvutwa na kuzaliana. Hewani elektroni hizo hutoka hasa kwenye mwanga: naitrojeni iliyosisimuliwa nchani hutoa fotoni za nanomita 98 hadi 102.5, nazo huionisha oksijeni iliyo mbele. Sasa zima mwanga huo kwenye programu, ondoa na elektroni za awali, uendeshe. Strima chanya inapaswa kukwama au kujikokota kwa shida. Ikiendelea kama kwamba hakuna kilichobadilika, kuna kitu kinachoilisha kwa siri.

Mshukiwa wa kwanza ni utawanyiko wa kihesabu. Mbinu ya daraja la kwanza, inayosoma msongamano wa upande mkondo unakotoka, hupaka elektroni kwenye seli za mbele hata kama fizikia haikusema hivyo. Mbinu ya Scharfetter na Gummel nayo hufanya hivyo seli zikiwa pana kwenye uga mkali. Tumia mbinu ya daraja la pili yenye kizuizi cha mteremko (kinachozuia msongamano kuruka kupita kiasi kati ya seli), kama cha Koren, na uhakikishe seli ni ndogo za kutosha. Kiasi gani? Kwenye uga wa 15 MV/m, umbali ambao elektroni husafiri kabla ya kuionisha mara moja, yaani moja chini ya alfa (idadi ya uionishaji kwa kila mita ya safari), ni karibu mikromita 7. Kwenye 10 MV/m ni kama 12. Zidisha alfa kwa upana wa seli, na jibu liwe chini ya 1 kila mahali penye ncha. Ndiyo maana utaona watu wakitumia seli za mikromita 3 hivi. Anayetumia mikromita 20 hana ncha, ana wingu.

Mshukiwa wa pili ni sakafu ya msongamano. Programu nyingi haziruhusu msongamano kushuka chini ya kiwango fulani, ili kuepuka kugawanya kwa sifuri. Mtu aliyeweka sakafu ya 10¹² m⁻³ ameijaza hewa yote elektroni bila kujua. Fikiria 10⁹ m⁻³: hiyo ni elektroni moja kwa kila milimita ya ujazo. Kwenye seli ya mikromita 3 kwa kila upande ni sehemu ndogo sana ya elektroni moja, chini ya moja kwa milioni 30, na bado modeli ya giligili itaizalisha bila kuuliza. Sakafu iwe sifuri, au iwe chini kiasi kwamba ukiizidisha mara 100 hakuna kinachobadilika.

Uionishaji kwa mwanga: kosa linalojificha

Modeli inayotumika kwa hewa ni ya Zheleznyak na wenzake, ya mwaka 1982. Kwa kuwa kuikokotoa moja kwa moja ni ghali, mwaka 2007 Luque na wenzake walitoa njia ya milinganyo ya Helmholtz yenye vipande 2, na mwaka huohuo Bourdon na wenzake wakatoa ya vipande 3. Vigezo vya Bourdon vimeandikwa kwa Torr (kipimo cha shinikizo) na sentimita, tena kwa shinikizo la oksijeni peke yake, si la hewa yote. Hapo ndipo panapoteleza.

Jikague hivi. Hewani kwa shinikizo la kawaida, oksijeni ina karibu Torr 150. Kigezo kidogo cha Bourdon ni 0.0553, kikubwa ni 0.89. Zidisha kwa 150, kisha geuza: unapata umbali wa kufyonzwa wa karibu milimita 1.2 na mikromita 75. Ukipata sentimita au nanomita, umekosea kipimo. Usisahau kizidishi cha uzimaji: naitrojeni iliyosisimuliwa hugongwa na kupoteza nguvu kabla ya kutoa mwanga, na kwa shinikizo la uzimaji la Torr 30 kizidishi ni 30 kwa 790, yaani 0.038.

Ukikisahau, chanzo chako cha mwanga kinakuwa kikubwa mara 26. Ajabu ni kwamba strima haitapiga kelele. Katika hewa, kasi yake haibadiliki sana hata kiasi cha uionishaji kwa mwanga kikiongezwa au kupunguzwa mara 10, kwa sababu elektroni za mbele huzaliana kwa mfululizo wa kuzidishana, na kianzio kikubwa zaidi huokoa hatua chache tu za kuzaliana. Kwa hiyo usijithibitishie kwa kusema kwamba kasi inaonekana sawa. Chapisha thamani ya chanzo cha mwanga kwenye nukta moja mbele ya ncha na uilinganishe na hesabu ya mkono.

Hatua ya muda inashuka hadi programu inakwama

Kuna mipaka miwili. Wa kwanza ni wa mwendo: elektroni isivuke seli moja kwa hatua moja. Kwenye 15 MV/m elektroni hukimbia kama 5×10⁵ m/s, na seli ya mikromita 3 inavukwa kwa pikosekunde 6. Wa pili ni muda wa kulegea kwa plazima, ε₀ gawanya kwa (e × mobiliti × msongamano). Kwa msongamano wa 10²⁰ m⁻³ ni pikosekunde 14. Kwa 10²¹ ni 1.4.

Kwa hiyo soma msongamano wa juu kabisa kwenye ripoti ya programu. Shina la strima hewani huwa na 10¹⁹ hadi 10²⁰ m⁻³. Ukiona 10²² au zaidi, usishughulike na hatua ya muda. Tafuta seli ambayo msongamano huo unakaa. Mara nyingi utaikuta imegusana na elektrodi au kioo cha kuhami, au iko kwenye mhimili, ambako seli ya kwanza ina ujazo mdogo na kosa dogo la fomula hukuzwa. Msongamano ukiwa wa halali lakini mkubwa, tumia Poisson ya nusu-fiche, inayokadiria chaji ya hatua ijayo, au punguza mkondo wa elektroni pale unapozidi kile ambacho uga unaweza kubeba kwa hatua hiyo. Njia hii ya pili Teunissen aliieleza mwaka 2020.

Msongamano hasi, madoa na mawimbi

Msongamano hasi ni dalili ya mbinu isiyo na kizuizi cha mteremko au hatua ndefu mno. Watu huutibu kwa kuukata: kila kilicho chini ya sifuri kiwe sifuri. Usifanye hivyo. Kila ukatapo unaumba elektroni ambazo hazikutoka popote, na chaji yote ya mfumo inaanza kupotoka. Jumlisha chaji ya eneo zima, ongeza iliyotoka mipakani, na uichapishe kila mara. Ikisogea kuliko makosa ya kuzungusha tarakimu, simama hapo.

Madoa ya chaji yanayojipanga pale ukubwa wa seli unapobadilika yanaonyesha kwamba mkondo unaotoka seli kubwa haulingani na unaoingia seli ndogo. Lazima mkondo wa upande wa seli ndogo ndio utumike pande zote mbili. Uga ukitetemeka kila mahali kwa wakati mmoja, kitatuzi cha Poisson hakijafika: angalia baki lake (kosa lililosalia), ongeza mzunguko mmoja au miwili ya maltigridi (utatuzi unaotumia gridi za ukubwa tofauti), na uanze kila hatua na volti za hatua iliyopita.

Na kama ncha inakwaruza kila baada ya muda fulani ulio sawa, hesabu mara ngapi gridi yako hujipanga upya kuifuata ncha. Strima ya 10⁶ m/s husogea mikromita 1 kwa kila pikosekunde. Ukipanga upya baada ya kila hatua 50 za pikosekunde 5, ncha imesogea mikromita 250 na imekwishatoka kwenye seli ndogo ulizoiandalia.

Kwa wanaotumia chembe, mitetemo hii huwa na sura nyingine: kila chembe ya hesabu ikiwakilisha elektroni nyingi mno, kelele yake huigawa ncha kwa nguvu. Ongeza chembe kabla ya kuamini tawi lolote.

Inafia njiani, au ncha inakonda na uga unapaa

Kwanza jiulize kama ina haki ya kufa. Strima chanya hewani huhitaji wastani wa karibu kV/cm 5 ili iendelee. Hasi huhitaji zaidi ya mara 2 ya hapo. Sindano yenye kV 10 itakupa strima chanya ya sentimita 2 hivi, hata pengo likiwa la sentimita 5. Hilo si kosa.

Ikifa mapema kuliko hapo, kagua unasaji. Kunaswa kwa elektroni kunakohusisha molekuli 2 za ziada hukua kwa mraba wa msongamano wa gesi, na jedwali linalotendewa kama la mgongano wa kawaida litakupa thamani ya ajabu. Kagua pia ukuta wa pembeni. Mpaka ulio karibu huathiri uga wa ncha na kuipunguzia nguvu. Upana wa eneo usiwe chini ya urefu wa pengo, kisha upanue zaidi uone kama jibu linatulia.

Dalili ngumu zaidi ni hii: strima chanya inapunguza mwendo, kipenyo chake kinapungua, uga nchani unapanda bila kukoma, na kila ukipunguza seli unapanda zaidi. Hapa kile kipimo cha nusu kinaonekana kulaumu gridi, kumbe lawama ni ya modeli. Modeli ya kawaida hudhani uionishaji hutegemea uga wa mahali hapohapo tu. Ncha ikiwa nyembamba mno, elektroni zinazotawanyika kuelekea mbele, kinyume na msukumo wa uga, huhesabiwa kana kwamba zimepata nguvu ya uga huo, wakati ukweli zimepoteza. Rekebisha chanzo cha uionishaji kwa kuzingatia mteremko wa msongamano, au ongeza mlinganyo wa nishati ya elektroni. Kama huwezi, simamisha simulesheni pale strima inapoanza kukonda na useme hivyo kwenye ripoti.

Matawi

Kwenye ulinganifu wa mhimili hakuna tawi. Kinachoonekana kama tawi ni pete au koni inayozunguka mhimili mzima, kitu ambacho hewa haifanyi. Kikitokea, matokeo ya baada ya hapo hayatumiki. Matawi ya kweli yanahitaji modeli ya vipimo 3 (urefu, upana na kina), na yanahitaji fotoni zihesabiwe mojamoja kwa bahati nasibu, kwa sababu uchache wa fotoni ndio unaozaa ukosefu wa usawa mbele ya ncha. Modeli ya vipimo 3 yenye mwanga laini hugawanyika kwa sababu ya gridi, au haigawanyiki kabisa.

Haifanani na maabara, wala na ya wenzako

Na wenzako ni rahisi. Mwaka 2018 Bagheri na wenzake walichapisha ulinganisho wa programu 6 kwa strima chanya ile ile: pengo la sentimita 1.25, kV 18.75, mbegu ya ioni chanya yenye kilele cha 5×10¹⁸ m⁻³ na upana wa milimita 0.4, iliyowekwa kwenye urefu wa sentimita 1. Kuna kesi 3: elektroni za awali 10¹³ m⁻³, kisha 10⁹, kisha 10⁹ pamoja na mwanga. Anza na ya kwanza. Ya pili ndiyo mtihani, maana mteremko wa msongamano mbele ya ncha unakuwa mkali mno na udhaifu wa gridi na wa hatua ya muda unajitokeza wote. Ukitaka kulinganisha mstari kwa mstari, programu ya afivo-streamer ya taasisi ya CWI, Amsterdam, iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuiendesha.

Na maabara, hakikisha mnapima kitu kimoja. Kamera huona mwanga wa naitrojeni, uliokolea kwenye nanomita 337, na kipenyo cha mwanga ni karibu nusu ya kile unachokipata kwa kutafuta mahali uga wa pembeni ulipo mkubwa. Mtu aliyelinganisha viwili hivi atasema modeli yake inatoa strima nene mara 2, na ataanza kuiharibu modeli iliyokuwa sahihi. Kokotoa mwanga kwanza, uujumlishe kwenye mstari wa macho ya kamera na kwa muda uleule kamera ilipokuwa wazi. Volti nazo ziingize kama zilivyopanda kwenye kipimo, maana chanzo cha maabara huchukua nanosekunde kadhaa au makumi kufika kileleni, na strima huwa imeanza safari kabla ya hapo.